Ng'ambo ya Kwetu Ni Sirari

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, mzee mmoja wa kamati ya wazazi aliingia katika duka langu la ushonaji hapa Migori akiwa na karatasi ya oda. Mashati 200 ya shule, kaptula 100, sketi 100, zote ziwe tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari. Alivuta kiti, akaniuliza hali ya nyumbani, akasifu mvua. Kisha akaweka bei yangu juu ya meza ya kukatia na kuigonga kwa kidole. "Mama, uko juu. Sirari wananishonea kwa chini ya hii. Nikipanda matatu saa hii, adhuhuri niko kwao na jioni nimerudi."

Sikuwa na la kubisha. Mtu wa Nairobi akisikia kwamba kazi imehamia ng'ambo, huwaza meli, huwaza China na Bangladesh. Sisi wa Suna, hapa Migori, ng'ambo yetu ni Sirari. Ukishuka Isebania unavuka mpaka kwa miguu na uko Tanzania, Kiswahili kinaendelea, na Wakuria wa huku na Wakuria wa kule ni ndugu wanaozikana. Kinachobadilika ni pesa. Shilingi yetu moja hununua zaidi ya shilingi kumi na tano za kwao, na kila asubuhi wafanyabiashara wa pande zote mbili huamka wakiuliza kiwango cha leo. Sukari ikiwa nafuu kule, inaingia huku. Mahindi yakipanda bei huku, magunia yanavuka. Hata kazi ya fundi cherehani inaweza kupakiwa kwenye buti ya gari ikaondoka kabla chai ya saa nne haijapoa.

Mzee alipotoka nilichukua kalamu nione pa kupunguza. Tetroni ina bei ya mwenye jora. Vifungo, uzi, zipu, kodi ya duka, tokeni za stima: hakuna hata mmoja wa wanaoniuzia hivyo ambaye angenipunguzia kwa sababu Sirari kuna fundi. Katika karatasi nzima kulikuwa na mstari mmoja tu uliokuwa chini ya mkono wangu, nao ni malipo ya binti anayenisaidia. Ametoka Nyatike, ana miaka ishirini na mmoja, na analaza kola vizuri kuliko mimi. Wiki hiyo hiyo msichana mwingine alikuwa amesimama mlangoni akitafuta kazi, akaniambia, "Fundi, hata nusu nitachukua." Niliandika nusu ile kando ya mstari wa binti. Nikaitazama. Hesabu ilikubali.

Ndipo nilipomkumbuka meneja aliyetukusanya uani Athi River miaka ishirini iliyopita, na kalamu ikanishinda.

Nyumbani tulikuwa watu wa tumbaku. Nimekulia katika moshi wake. Watoto tulibeba kuni hadi kwenye banda la kukaushia, na zamu ya usiku mmoja wetu alikesha akilinda moto, kwa sababu ukizima majani yanaharibika na ukizidi banda linaungua. Siku ya kuuza, mtu aliyevaa koti la vumbi alifungua mafungu ya baba, akayapapasa, akataja gredi. Baba alikuwa amelijua kila jani tangu likiwa mche kitaluni, lakini sikuwahi kumsikia akiulizwa bei. Aliambiwa, akatia saini. Baada ya kukatwa mbolea na dawa, alirudi na kiasi ambacho mama alikihesabu mara moja tu.

Kwa hiyo mwaka wa 2002, binti ya shangazi aliponitumia ujumbe kwamba viwanda vya nguo Athi River vinaandika watu, sikufikiri mara mbili. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa nimejifunza cherehani ya miguu kwa mama mmoja pale Oruba. Nilipanda basi la usiku. Alfajiri nilikuwa getini na mamia ya wasichana wengine, kila mmoja na kitambulisho mkononi.

Inafaa nieleze kazi zile zilitoka wapi, maana sisi wenyewe hatukujua. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje (EPZ) ilipitishwa Kenya mwaka wa 1990, ikawapa wawekezaji wa nje nafuu ya kodi ili watengeneze bidhaa za kuuzwa ng'ambo. Mei 2000 Marekani ikatia saini sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo zilizoshonwa katika nchi nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Wakati huo dunia bado ilikuwa inaendeshwa kwa mgao: tangu 1974, nchi nyingi maskini zilikuwa zimewekewa kikomo cha nguo zinazoweza kuuza Marekani na Ulaya. Mwenye kiwanda wa Asia ambaye nchi yake imeshajaza mgao alitafuta mahali ambapo mlango ungali wazi. Walikuja kutoka Sri Lanka, India, Taiwan na Hong Kong. Kufikia 2003 viwanda vile vilikuwa vimeajiri Wakenya zaidi ya 30,000, na wengi wetu tulikuwa wanawake wa umri mmoja.

Mimi nilikuwa mfuko wa nyuma wa kulia. Ndivyo tulivyoitana kwenye laini: huyu zipu, yule mkanda, mimi mfuko. Suruali ilinifikia bila mfuko, ikaniacha ina mfuko, na tageti ilikuwa mifuko 60 kwa saa. Sikuwahi kushona suruali nzima kiwandani humo, wala sikuwahi kumwona mtu akivaa suruali niliyoigusa. Wenzangu waliniita Nyar Suna, yaani binti wa Suna. Jioni tulirudi mtaani Sofia tukiwa na nyuzi kwenye nywele, tukapika ugali chumba kimoja wanne, na mwisho wa mwezi nilituma pesa nyumbani. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne kwa mifuko ile, na sitaidharau kazi hiyo kwa sababu iliishia vibaya.

Siku ya kwanza nilipokaa kwenye mashine niliona karatasi ndogo imebandikwa chini ya kichwa chake. Ilikuwa na maandishi ya mviringo, herufi nisizozijua, na ua dogo lililochorwa kwa kalamu nyekundu. Niliikwangua kwa ukucha nikaitupa, nikafunga uzi mwekundu wangu mahali pake ili nisije nikaichanganya mashine yangu na ya jirani. Haikunipitia akilini kujiuliza ni nani aliyechora ua lile, na siku hizi anakula nini.

Kuna jambo jingine ambalo lilinipita wakati ule na sasa halinitoki. Vitambaa vilivyotufikia vilitoka Asia kwa makontena, vikashushwa Mombasa, vikaja Athi River, vikashonwa, vikarudi Mombasa kwenda Marekani. Na dani yangu, mama ya mama, alikuwa amelima pamba Karachuonyo maisha yake yote. Nikiwa mdogo nilimsaidia kuchagua, nyeupe huku, yenye madoa kule, kisha inabebwa kwenda kwenye kinu cha Kendu Bay. Kisumu kulikuwa na kiwanda cha kusokota na kufuma, KICOMI, na watu wa rika la mama walivaa kitambaa kilichoota kwenye udongo wao. Miaka ya tisini milango ilipofunguliwa kwa nguo za nje na mitumba, malipo ya wakulima yakachelewa, KICOMI ikafungwa, na dani akang'oa pamba akapanda mtama. Hivyo mjukuu wa mkulima wa pamba alisafiri hadi Athi River kushona pamba ya mwingine. Kitambaa hakikuwa chetu, uzi haukuwa wetu, mnunuzi alikuwa mbali na mwenye mashine alikuwa mgeni. Kitu pekee cha Kenya katika suruali ile kilikuwa vidole vyetu, na vidole viko kila nchi.

Mwanzoni mwa 2003, serikali ya Kibaki ikiwa changa, wafanyakazi wa viwanda vya EPZ waligoma. Nami nilisimama nje pamoja nao. Tulitaka mshahara uongezwe, tulitaka saa za ziada zilipwe. Kila tulipotaja pesa tulijibiwa neno moja: mwekezaji ataondoka. Tulilisikia kwa supavaiza, tukalisikia redioni, mwishowe tukaanza kuambiana wenyewe kwa wenyewe. Shuleni nilikuwa nimekariri methali ya usiache mbachao kwa msala upitao, na sikujua kwamba kitu kinachopita kinaweza kuwa jengo la mawe lenye safu za mashine na ukuta wenye seng'enge.

Tarehe 31 Desemba 2004 mgao ule wa dunia ulikoma. Kuanzia siku iliyofuata, mnunuzi wa Marekani hakuwa na sababu ya kuitafuta nchi yenye nafasi. Alitafuta bei tu. Februari tuliitwa uani. Meneja alizungumza kwa upole, namkumbuka alivyoshika kofia yake kwa mikono miwili. Alisema oda zimehamia Asia, kwamba hapa suruali moja inagharimu zaidi, kwamba si kosa letu. Baadaye nilisimama upande wa pili wa barabara nikitazama mashine zikipakiwa kwenye kontena zimezungushiwa plastiki. Yangu niliijua. Uzi mwekundu ulikuwa bado umefungwa.

Nilirudi Migori nikiwa na hasira na Wachina. Kwa miaka nilisema wametuibia kazi, na kila aliyenisikia alikubali. Kisha nilisoma habari za San Antonio, mji wa Texas. Januari 1990 kampuni ya Levi's ilifunga kiwanda chake kimoja huko na kuhamishia kazi Costa Rica. Zaidi ya wafanyakazi 1,000 walipoteza ajira, wengi wao wanawake wenye asili ya Meksiko, mikono yao ikiwa imechoka kwa mshono ule ule wa suruali. Walianzisha chama chao, Fuerza Unida, wakasusia, wakaandamana. Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu, na ua lile jekundu likanirudia. Kumbe nami nilikuwa nimekalia kiti cha mtu. Kabla sijaibiwa, nilikuwa nimepokea, na niliposhukuru Mungu kwa kazi nilikuwa sijauliza imetoka kwa nani.

Sisemi kwamba tulikosea kuipokea. Msichana aliyekimbia moshi wa tumbaku hana deni kwa mtu. Lakini nilianza kuona kwamba tangu mwanzo nilichukuliwa kwa sababu moja, nayo ni kwamba nilikuwa rahisi. Tunasema bei rahisi, na hatuoni tatizo. Ukimwita binadamu rahisi unamwona jinsi alivyo dhaifu mbele ya atakayekuja kuwa rahisi zaidi.

Huyo wa rahisi zaidi alipatikana jirani yetu. Mwaka wa 2016 Ethiopia ilifungua eneo kubwa la viwanda Hawassa, na ripoti ya watafiti wa Chuo Kikuu cha New York ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba mshahara wa kuanzia wa mshonaji huko ulikuwa dola 26 kwa mwezi. Bangladesh ulikuwa 95, na Kenya 207. Nilipiga hesabu mara mbili: Mkenya mmoja, wasichana karibu wanane wa Hawassa. Wengi wao walitoka vijijini kama nilivyotoka mimi, na ripoti ilisema waliacha kazi kwa wingi kwa kuwa pesa ile haikutosha chakula na chumba. Mwezi wa Novemba 2021, vita vya Tigray vikiendelea, kampuni ya PVH, yenye Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ilifunga kiwanda chake Hawassa. Januari 2022 Marekani ikaiondoa Ethiopia katika AGOA. Dola 26 hazikuwatosha kuishi, na hazikutosha pia kuwafanya wabaki na kazi.

Wengine Kenya waliondokewa na kazi kwa njia nyingine. Nakuru ilipoteza kiwanda cha betri za Eveready mwaka wa 2014. Nairobi ikapoteza kiwanda cha tairi za Yana mwaka wa 2016, jina likabaki Kenya na tairi zikaanza kutengenezwa China na India. Fundi wa pancha hapa stendi bado anazibandua tairi hizo na kuzikata akala. Kwake yeye raba ni ile ile.

Basi usiku ule wa mwezi wa kumi na moja nilikuwa na karatasi mezani, na nusu niliyoiandika kwa mkono wangu. Miaka yote nilidhani mimi ni yule aliyesimama ng'ambo ya barabara akitazama kontena. Sasa nilikuwa nimeshika kofia kwa mikono miwili, nikitafuta maneno ya upole ya kumwambia binti wa Nyatike kwamba si kosa lake. Hakuna aliyenilazimisha. Hapakuwa na mwekezaji wala sheria ya Marekani. Nilikuwa mimi, kalamu, na msichana mwingine mlangoni mwenye njaa. Niliifuta nusu ile, na nakiri sikuifuta kwa moyo mwepesi, kwa sababu oda ya mashati 200 ni kodi ya miezi mitatu.

Asubuhi nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani. Nilipanda matatu hadi Isebania, nikavuka, nikauliza fundi anayeshona sare za shule. Nilielekezwa kwa dada mmoja nyuma ya soko la Sirari. Aliacha mguu kwenye kanyagio, akaniamkia, "Shikamoo mama," salamu ambayo upande wetu tumeizoea vitabuni zaidi kuliko midomoni. Nikaitikia marahaba, nikakaa kwenye kibao. Sikuzunguka. Nilimwambia mimi ni fundi wa Migori, na nimeambiwa anashona shati kwa bei fulani.

Alinitazama kwa mshangao. "Mama, mimi ndiye niliyeambiwa kwamba ninyi Migori mnashona kwa hiyo. Ndiyo maana nikashusha."

Tulikaa kimya kidogo. Cherehani yake ilikuwa aina moja na yangu. Kando yake alikaa kijana wa kiume akikata uzi, na nilipomuuliza dada anamlipaje, akanitajia kwa sauti ya chini kiasi ambacho kilinifanya nitazame pembeni. Alikuwa ameshakipunguza mara moja mwaka ule. Sijui kama mzee wa kamati ndiye aliyesema uongo, au wote wawili tulisikia uvumi wa soko tukaujaza wenyewe. Ninachojua ni kwamba kati ya duka langu na lake ni mwendo usiofika saa moja, na kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukishindana kwa kukata chakula cha watoto wa watu bila kujuana hata majina. Mimi na aliyechora ua tulitenganishwa na bahari. Yeye na mimi tulitenganishwa na nini?

Tulipiga hesabu pamoja, shilingi za kwangu na za kwake, mpaka tukapata malipo ya mkono ambayo hakuna kati yetu atakayeshuka chini yake kwa shati, kwa kaptula na kwa sketi. Kitambaa kila mtu atafute anakoweza. Akaniandikia namba yake kwenye kipande cha tetroni kwa chaki.

Nilimweleza mzee wa kamati waziwazi, mstari kwa mstari, nikamwonyesha ni wapi bei ingeweza kushuka na ni nani angeilipa. Alisikiliza hadi mwisho. Ana watoto wa kike wawili Nairobi wanaotafuta kazi. Alisema atazungumza na wenzake.

Wewe unayesoma, ukipelekewa bei ya sare, ya mlango wa chuma au ya viatu vya akala, na ukaambiwa kwingine ni chini, uliza kitu kimoja kabla hujapanda matatu: aliyeshona analipwa ngapi. Ukijibiwa, utakuwa umejua unachonunua.

Kamati iliniachia mashati yote 200. Kaptula na sketi zilikwenda Sirari, kwa dada yule. Binti wa Nyatike alilipwa kwa shati kiasi kile kile cha mwaka uliotangulia, na msichana aliyesimama mlangoni alipata kazi ya vifungo, wiki tatu, kwa malipo kamili.